Kipande cha Tangi la Koyama

Nikisema kazi yangu ni kupasua vitu, watu hucheka. Kisha hunitajia methali ya ufa na ukuta, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza. Siku hizi naitaja mwenyewe kabla hawajaifikia, ili tuendelee na mengine.

Na wala sipasui ovyo. Napima ukaidi. Chukua pakiti ya biskuti isiyo na mkato, uivute kwa mikono miwili: utahangaika. Itie jino kidogo pembeni, halafu uivute tena: imefunguka hadi chini. Vitu vingi viko hivyo, vina nguvu zao mpaka vipate ufa. Mimi nakichukua kitu ambacho ufa kishaupata, namuuliza: haya, sasa utavumilia kiasi gani? Nasema namuuliza, kama mtu, kwa sababu ukikaa na vipande hivyo miaka mingi utaanza kuzungumza navyo.

Kioo hujibu upesi: pa! Wenye taabu ni wale laini, chuma kinachonyumbuka na plastiki ya matangi na mabomba. Unakibonyeza kipande, nacho kinapinda. Unazidi, kinavutika. Ufa badala ya kukimbia unakuwa butu kwenye ncha, plastiki inafura na kufanya weupe pale, lakini haikatiki. Ni kama kumwuliza bibi umri wake: utapewa hadithi ya njaa, ya gharika, ya harusi ya nani na nani, ila umri hutaambiwa.

Basi tuna utaratibu wetu. Unakata vijiti kadhaa vya kitu kile kile. Kila kimoja unakichanja kwa msumeno, kisha unaunoa ule mchanjo kwa wembe mpya, maana mchanjo butu ni uwongo, unakifanya kipande kionekane hodari kuliko kilivyo. Kwa chuma wembe haufai, unakibonyeza na kukiachia maelfu ya mara mpaka ufa wenyewe uchomoze. Halafu unavipinda vijiti kimoja kimoja, katika joto lile lile ambalo kitu kinaishi nalo. Hiki kidogo, kile zaidi, kile zaidi tena. Mwisho kabisa unavitia kwenye baridi kali sana vigande, unavivunja kabisa, na kutazama ndani ufa ulikuwa umetembea kiasi gani. Baridi huja mwisho. Shikilia hapo, maana ndipo nilipofanya uharibifu wangu.

Kazi hii niliisomea Mombasa, ambako vita vilitutupa nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwetu ni Koyama, kisiwa kilicho kusini mwa Kismayo. Tuliporudi upande huu hatukufika Koyama, tuliishia Kismayo, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kazi: karakana ya chuo, mashine moja ya kubonyezea, na mwenzangu mmoja, Msomali wa papa hapa mjini, mtu mzima mpole hadi ananiudhi. Mama alikuja nami. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili, yeye akichukua chenye dirisha.

Asubuhi moja, tunakula mkate wa mofa na chai, mama akasema, "Mimi nenda zangu Koyama."

"Kumsalimu mjomba?"

"Kukaa."

Nikaweka kikombe chini. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa keshatangulia miaka michache kabla. Alisafisha kiwanja chetu, akainua vyumba viwili juu ya msingi wa zamani, akaezeka mabati. Mimi nilidhani ni mambo ya mjomba tu, kujishughulisha. Kumbe walikuwa wamepanga, ndugu wawili, kwa simu, mimi nikiwa kazini.

"Koyama hakuna daktari, mama."

"Najua."

"Hakuna soko. Koyama kuna nini?"

"Kuna Koyama," akasema, akamega mkate.

Tulibishana wiki nzima. Mimi nina hasira za karibu, nilipaza sauti, nikapiga mlango, nikamwita mjomba mchochezi. Mama yeye habishani, anangoja umalize. Kila nikimaliza alinirudishia methali ile ile, aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani, mpaka nikaichukia. Ndipo nikalishika jambo la maji. Visima vya kiwanja chetu ni vya chumvi. Maji ya kunywa ni ya mvua, yanateremka kutoka kwenye mabati kuingia tangi moja kubwa jeusi la plastiki, na tangi hilo lina ufa. Mjomba mwenyewe alikuwa amesema: chini, karibu na bomba, ufa wa urefu wa kidole. Mvua zikija likajaa, likipasuka, mtakunywa nini nyinyi wazee wawili?

Mama akanitazama. "Mwanangu, kazi yako si hiyo? Basi pima. Ukisema tangi bovu, sitaki tena, nitakaa hapa kwako mpaka siku yangu. Ukisema zima, usinizuie."

Mama yangu akishatoa neno hageuki. Mimi nilijua hivyo, naye alijua kuwa najua.

Kuna mtu atauliza: si mngenunua tangi jipya? Swali zuri. Wakati ule halikunijia kabisa, na huko kutonijia nitakurudia.

Mjomba alipigiwa simu akate kipande. Yeye ni fundi wa mashua, hana mkono wa papara. Alikata kwenye bega la tangi, juu ya maji, upande unaopigwa na jua mchana kutwa. Alinieleza kwenye ujumbe wa sauti: "Nimekata palipochoka kuliko pote, ili usije ukasema nimekuficha." Akaniambia pia kuwa ule ufa wa chini ameuzima. Ufa wa ubao, alisema, hauzibwi kwanza, huzimwa kwanza: unatoboa tundu pale ncha yake inapoishia, ndipo unatia pamba. Kwa hiyo amechukua msumari wa moto akatoboa tundu mwisho wa ufa wa tangi, kisha akaziba. Nilimcheka kwa sauti. Ati tundu juu ya ufa! Nikamchezea mwenzangu ujumbe ule ili acheke naye. Hakucheka.

Kipande kilifika na mashua ya samaki, kimeviringishwa ndani ya kikoi kikuukuu. Nilipokifungua, lo! Karakana nzima ilinuka papa. Mjomba alikuwa amekipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayopakwa mashua, ili kisikauke njiani. Plastiki! Isikauke! Nilimpigia simu nikamfokea, naye akanijibu kwa utulivu kwamba miaka hamsini hajapeleka kipande cha chombo kwa mtu kikiwa kikavu, na hataanza leo. Nilikisugua kwa sabuni mara nne. Harufu ilibaki kwenye vidole vyangu siku mbili, na paka wa chuo akawa rafiki yangu.

Nikakata vijiti vinane. Nikachanja, nikanoa kwa wembe, kila kijiti wembe wake. Mpaka hapo sina la kujilaumu.

Sasa, katika kazi yetu kuna njia ya mkato, na si haramu. Plastiki ikikataa kupasuka, unaipoza kwanza. Ikishapoa sana inakuwa kavu, ufa unakimbia, nawe unapata jibu safi mara moja. Ni jibu la kweli, ila ni la baridi ile, na lazima uandike hivyo pembeni. Nilijiambia sina wiki nzima ya kuhangaika na vijiti visivyosema. Nilijiambia mvua zinakaribia. Nilijiambia mengi.

Daktari mmoja wa mifugo hapa mjini huhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe ndani ya mtungi wa gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, ukiufungua unafuka moshi mweupe. Humo ndimo tunamoomba baridi yetu. Alinijazia chupa, akaniuliza kwa utani nina ng'ombe wangapi.

Mwenzangu aliponiona nachovya kijiti kabla sijakipinda, akasimama. "Walaal, dada yangu, unaanza na baridi?"

"Nataka jibu leo."

"Haye," akasema, akarudi kwenye meza yake. Angenigombeza ningemjibu. Hakunigombeza.

Kijiti cha kwanza kilikatika pa! Cha pili hali kadhalika. Uso wa mpasuko ulikuwa laini kama sahani. Na mimi, nisikufiche, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikitia kipande kimoja ndani ya mkoba nikaenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka.

Mama alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Pembeni mwake palikuwa na sanduku lake la bati na mkeka umefungwa kwa kamba. Wiki mbili sasa alikuwa ameshafunga vitu vyake, hata mbuzi ya kukunia nazi aliitia ndani ya mzigo, tukawa tunaazima ya jirani. Nikamwekea kile kijiti kilichokatika juu ya sinia.

"Tangi bovu, mama. Tazama kilivyokatika. Kama biskuti."

Akakichukua. Akapitisha kidole gumba mahali palipokatika. "Umekivunja vipi?"

Nikamweleza, na nilieleza kwa madaha, wallahi. Mashine, wembe, ile gesi ya daktari wa mifugo yenye baridi ambayo ukitia ua la waridi linavunjika kama yai. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Koyama kuna baridi hiyo?" akauliza.

Alikuwa anauliza, si kushutumu. Mama hakusomea kazi hii, alitaka kujua tu. Nikafungua mdomo. Nikasema kuna mambo ya kitaalamu. Nikasema ndivyo inavyopimwa. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipanda, kama inavyopanda nikiwa sina haki.

"Haya," akasema. "Neno ni neno."

Akainuka taratibu, akashika kiuno, akaenda kwenye mzigo wake. Akafungua kamba. Akatoa mbuzi ya kukunia nazi, akaifuta kwa upindo wa leso, akaikalia, akaanza kukuna nazi ya mchana. Hakulia, hakununa. Alikuna nazi. Mimi nilisimama pale nikisikia ule mkwaruzo, na furaha yote niliyokuja nayo ikanitoka miguuni.

Nilimtaka kwangu, basi. Hakuna daktari Koyama, kweli. Maji, kweli. Lakini chini ya yote hayo nilikuwa naogopa kurudi kutoka kazini nikute chumba chenye dirisha kitupu. Mimi sina mume, sina mtoto, na ndugu zangu wako Ulaya, tunaonana kwenye simu. Mama ndiye mchu wangu, mtu wangu pekee wa kuniambia nimekonda. Haya singeyasema hata kwa fimbo, nikaona afadhali yasemwe na plastiki.

Kesho yake niliingia karakana mapema. Mwenzangu alikuwa ameshafika. Alikuwa ameweka beseni la maji ya moto mezani na kipimajoto ndani yake, na vijiti vyangu sita vilivyobaki vimepangwa pembeni kwenye kitambaa safi.

"Tangi likipigwa na jua mchana, maji yake yana joto hivi," akasema. Astaghfirullahi, kuna watu upole wao ni adhabu.

Tulifanya kazi siku tatu, kama inavyotakiwa. Vijiti vitatu na ufa mtupu wa wembe. Vitatu vingine nilivitoboa tundu kwa msumari wa moto mwisho wa ufa, kama mjomba. Tulivipasha joto, tukavipinda kidogo kidogo. Havikukatika. Upande wa nje, ule ulioungua na jua, ulifanya mipasuko midogo midogo kama ngozi ya kisigino, nikasema haya, sasa. Lakini ndani yake plastiki ilifura, ikafanya weupe, ikavutika, ikakataa. Vile vya tundu vilikataa zaidi kuliko vyote. Mashine ililia kabla yavyo. Mwisho tukavigandisha, tukavivunja, tukatazama kwa kioo cha kukuzia: ufa ulikuwa umetembea upana wa punje ya mtama, tena kwa nguvu ambayo tangi lile, hata lijae mpaka limwagike, haliwezi kuifikia. Nikapiga hesabu mara ya pili, nikitafuta kosa. Nisamehewe, nilitamani kulipata. Sikulipata.

Nilimpigia mjomba nikamwambia tundu lake limefaulu. Akasema, "Najua." Akauliza kama ile sifa ilisaidia.

Jioni ile nilimkuta mama jikoni. Nikakaa chini kwenye sakafu, nikamwambia yote, kwa utaratibu wake: kwamba tangi ni zima, kwamba lilikuwa zima tangu mwanzo, kwamba nilianza na baridi nikijua nafanya nini. Alikuwa anapepea moto, hakugeuka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi? Huelewi hata mashine."

"Mashine siijui. Nakujua weye. Mchu anayetaka mamake aende angesema, mama, hili bovu, tutafute jingine. Weye tangi jingine hukulitaja hata siku moja. Ulikuja na kipande kimevunjika, nawe umekifurahia."

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa tukiwa watoto, nami nilikuwa nimefika mwisho wake ndani ya siku nne.

"Na kama ulijua, mbona ulifungua mzigo?"

"Nilikuwa nimetoa neno."

Hapo nikalia. Nililia kama mtoto, mtu mzima wa miaka yangu, pua na yote. Nikasema, "Sitaki uende. Nitabaki na nani?"

Mama akageuka sasa. Akaweka kile kipepeo cha moto chini.

"Hilo ndilo ulilotakiwa kusema tangu siku ya kwanza," akasema. "Tangi lilikukosea nini?"

"Ningesema, ungekaa?"

Alifikiri. Mama hasemi kitu cha kunipoza tu, hajawahi. "Nisingekaa," akasema. "Lakini ningejua."

Akanipangusa uso kwa leso yake iliyonuka moshi, akanipa nazi nikune.

Aliondoka wiki ile. Nilimpeleka mwenyewe mpaka Koyama, na mzigo wake, na mbuzi yake, na dawa zake za presha nilizomwandikia saa zake kwa herufi kubwa. Mjomba alinionyesha tundu lake kwa fahari kama mtu anayeonyesha mjukuu. Mvua zilipoanza tangi lilijaa. Mama alinipigia simu akaniwekea mlio wa maji yakianguka ndani, dakika nzima, hakusema neno, kisha akakata.

Ninakwenda kila nipatapo likizo. Nimewekewa kitanda kwenye chumba cha pili, na sakafu ya chumba hicho haiko sawa, mjomba bado hajaimalizia. Mara ya kwanza nilipoinama kutafuta kiatu nikaona mguu mmoja wa kitanda umewekewa kabari. Ilikuwa nyeusi, upande mmoja umekatika laini kama sahani. Mama alikuwa amekichukua kile kijiti changu kutoka kwenye sinia siku ile, akakitia ndani ya sanduku lake, akaja nacho.

Hajawahi kukitaja, nami sijamwuliza. Kitanda hakitikisiki.